Kabla hamjaanza kucheza wawili, semeni mtaachana vipi

Wanaonijia kutaka dansi huja wawili wawili, na karibu wote huanza na swali moja: mwalimu, tutafika wapi? Wimbo uko tayari kwenye simu, jina la kundi limeshapatikana, wengine wamechapisha hadi fulana. Mimi huwauliza mambo mengine. Pesa ya onyesho la kwanza itaingia kwenye simu ya nani? Mmoja akiteguka mguu Agosti, huyu mwingine atacheza na nani? Na kati yenu nyinyi wawili, nani ataacha kwanza? Hapo mmoja hucheka, mwenzake huangalia chini, nami hujua tutaanzia wapi.

Nimecheza dansi ya wawili kwenye hoteli za Malindi ujana wangu wote, Casuarina na Silversands mpaka Watamu, na siku hizi nafundisha. Haya ninayoyaandika nimeyaokota sehemu mbili: kwenye kazi hiyo, na kwenye mchezo ambao ukiutaja hapa kwetu kwenye joto hili watu hukudhania una homa. Dansi ya kwenye barafu. Tulikuwa tukisubiri zamu yetu nyuma ya kaunta ya baa, leso kiunoni, na televisheni imefunguliwa chaneli ya Italia kwa ajili ya wageni. Januari na Februari, msimu umepamba moto, Waitaliano walikuwa wakitazama watu wao wakishindana huko kwenye baridi, nami nikatazama nao mpaka nikawa mimi ndiye ninayeuliza: leo ni saa ngapi?

Nieleze kidogo, maana michezo ya wawili kwenye barafu iko miwili na watu huichanganya. Ule unaoitwa wa jozi ndio wa kumrusha mwanamke hewani na kuruka mizunguko mitatu. Dansi ni mwingine. Hapa mwanamume haruhusiwi kumpandisha mwenzake juu ya kichwa chake, kurushana hakuna, na kukaa mbalimbali kwa muda mrefu ni kosa. Kinachopimwa ni miguu, mdundo na namna wanavyoshikana. Hata vile vyuma vya chini ya viatu hukatwa vifupi upande wa kisigino, kwa vile wanacheza wamegandana na wangekanyagana. Dansi hii imo kwenye Olimpiki tangu Innsbruck 1976, na siku hizi mashindano yake yana sehemu mbili: dansi ya mdundo, ya dakika tatu kasoro kidogo, na dansi huru ya kama dakika nne. Kwa dakika saba hizo watu hufanya mazoezi miaka kumi na tano, ishirini, tena na mtu mmoja yule yule.

Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Bango, muziki wetu wa Pwani, ukichezwa harusini, wimbo ukiisha kila mtu anarudi kitini kwake. Hawa hawarudi kitini. Wanakua pamoja, wanaumia pamoja, wanahama nchi pamoja, na kila jambo ambalo hawakulizungumza mwanzo huja kuwadai katikati ya safari.

Tuanze na kumpata mwenzako. Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada waliunganishwa 1997, binti ana miaka saba na kijana tisa, na aliyewaunganisha ni shangazi yake Scott aliyekuwa kocha. Wakaja kuchukua dhahabu ya Olimpiki Vancouver 2010, fedha Sochi 2014, dhahabu tena PyeongChang 2018. Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa walianza utotoni Clermont-Ferrand, na kocha alikuwa mama yake Gabriella. Wengine huchukua wa nyumbani kabisa, ndugu wa tumbo moja: Isabelle na Paul Duchesnay, mabingwa wa dunia 1991, au Maia na Alex Shibutani wa Marekani waliopata shaba 2018. Ukisikia hivyo utadhani kama hukuanza mtoto umeshachelewa. Lakini Madison Chock na Evan Bates waliungana 2011 wakiwa watu wazima, kila mmoja ameshaachana na mwenzake wa zamani. Ubingwa wa dunia waliupata 2023. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, halafu uniambie kama wewe na mwenzako mna haki ya kununiana kwa sababu hoteli haikuwaita tena baada ya mwezi.

Ushauri wangu hapa hauwafurahishi vijana. Usichague mchezaji hodari kuliko wote. Wenye miguu ya ajabu nimewaona wengi, na wengi wao walikuwa wakifika mazoezini jua limeshatua na hadithi mpya kila siku. Yule niliyecheza naye muda mrefu hakuwa nyota wa Malindi. Alikuwa anafika. Shati amelipiga pasi, maji ya kunywa amebeba, na akikosea hatua anasema "nimekosea mimi" kabla sijageuka kumtazama. Mtu kama huyo mnaweza kumfundisha kucheza. Aliye hodari hamwezi kumfundisha kufika. Chezeni pamoja masika nzima bila onyesho hata moja, wakati hoteli zimefunga na hakuna wa kuwapigia makofi, na mkifika Julai bado mnasalimiana vizuri, basi tafuteni jina la kundi.

Na kabla ya onyesho la kwanza, kijana, nenda kwao binti. Mji wetu ni mdogo. Mtaonekana mkirudi usiku kwenye tuktuk moja, na kufikia asubuhi mtaa wa Barani umeshawaozesha. Virtue na Moir dunia nzima iliwauliza kama ni wapenzi, miaka na miaka, na walikuwa wakijibu kwamba hapana. Chock na Bates wakaja kuoana 2024. Kuna wa namna hii na wa namna ile, na jibu lolote lile ni lenu, lakini mama mzazi asilisikie kwa jirani. Alinijia mama mmoja wa Maweni, ameshikwa na hasira hadi leso inamdondoka. Akaniambia, "Mwalimu, huyu kijana anamshika mwanangu kiuno mbele za watu, na mimi hata jina lake silijui." Nilimwambia, "Dada yangu, kiuno nimemfundisha mimi. Jina lake leo jioni atakuja kukwambia mwenyewe." Akaja, kofia mkononi, akaamkia, akakaa kwenye mkeka, akaeleza kazi yenyewe ni nini na watarudi saa ngapi. Mama yule sasa ndiye anayewashonea. Kama mmoja wenu ana mke au mume, ziara hiyo ni ya lazima zaidi, na anayekwenda ni yule mgeni, asitume salamu.

Sasa pesa, na hapa nitakaa.

Jayne Torvill alikuwa karani wa bima na Christopher Dean alikuwa polisi, wote wa Nottingham, Uingereza. Walianza kuteleza pamoja 1975, na kwa miaka walikuwa wakifanya mazoezi nje ya saa za kazi. Walipoacha ajira wakajitia kwenye barafu moja kwa moja, waliobeba mzigo ni halmashauri ya jiji lao, iliyowapa ruzuku ya pauni 42,000. Bila hiyo, ile dhahabu ya Sarajevo 1984 tusingeijua. Charlène Guignard na Marco Fabbri, ambao Waitaliano wetu wa Malindi wanawajua vizuri, wameshindana chini ya Fiamme Azzurre, timu ya michezo ya askari magereza wa Italia. Mkenya hili haelezwi mara mbili. Wachezaji wetu wangapi wa voliboli na wakimbiaji wangapi wanakula mshahara wa Magereza, wa polisi au wa jeshi? Medali nyingi za dunia hii zina mwajiri nyuma yake ambaye hachezi.

Nyinyi hamna jiji wala Magereza. Mna meneja wa hoteli. Na meneja wa hoteli, siku zangu, alikuwa akimpa bahasha mwanamume, hata kama bei nilipatana naye mimi. Mwenzangu nami tuliamua mapema: bahasha haifunguliwi mpaka tuwe wawili, mezani, kabla ya kuvua nguo za kuchezea. Tunagawa mafungu matatu. Lake, langu, na la dansi. Fungu la dansi ndilo linalonunua kitambaa, linalolipa tuktuk usiku, linalonunua dawa ya kuchua. Fungu hilo halikopeshwi, hata kama mwenye kukopa ni ndugu yako na ada ya shule inadaiwa. Siku hizi hoteli zinatuma kwa M-Pesa, na mambo yamekuwa rahisi na mabaya zaidi kwa wakati mmoja, maana pesa inaingia kimya kimya kwenye simu moja na mwingine anangoja kuambiwa. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba aliyepokea anatuma usiku ule ule, kabla ya kulala, na gharama ya kutuma inatoka kwenye fungu la dansi. Kesho asubuhi ni kuchelewa.

Andikeni pia nguo ni za nani. Unacheka, lakini ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoamua ulihusu gauni jekundu lenye shanga. Lilishonwa kwa pesa ya pamoja, kwa mwili wa mmoja, na dada wa yule mwenzake akalitia shanga bure. Walipoachana kila mtu alikuwa na haki na hakuna aliyekuwa na karatasi.

Tena kubalianeni kwamba mmoja haendi kazini bila mwingine. Kuna hoteli moja, jina lake halinisaidii kitu, ilitucheleweshea malipo kutoka Desemba mpaka mvua zikaanza, kila tukienda tunaambiwa mhasibu yuko Mombasa. Tukagoma. Baada ya siku chache wakampigia mwenzangu peke yake: njoo wewe, msichana tutakutafutia. Hakwenda. Akaja kwangu na simu mkononi akaniwekea nisikilize walivyorudia. Ulikuwa ni msimamo tuliokwisha kuuzungumza, kwa hiyo hakuwa na haja ya kulala akiuwaza. Kama tusingekuwa tumeuzungumza, simlaumu mtu mwenye watoto akienda.

Ubaya mwingine huja mbele za watu, na huo nitautolea mfano nilioutazama kwa macho yangu nikiwa nimesimama na trei isiyo yangu. Februari 2006, Olimpiki ya Torino, nyumbani kwao Waitaliano, na baa imejaa. Barbara Fusar-Poli na Maurizio Margaglio walikuwa mabingwa wa dunia wa 2001 na wenye shaba ya Olimpiki 2002. Walikuwa wameshaacha mashindano, wakarudi kwa ajili ya Michezo hiyo ya nyumbani, na baada ya sehemu ya kwanza wakawa wanaongoza. Sehemu ya pili, maana enzi hizo zilikuwa tatu, muziki unakaribia kuisha, kubebana kwa mwisho kukaharibika na wote wawili wakaanguka. Wakainuka. Muziki ukaisha. Halafu Barbara akasimama akamkazia macho mwenzake. Hasemi neno. Uwanja unapiga makofi, yeye bado anamtazama tu, kidevu juu, na Maurizio hajui aweke wapi mikono yake. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba baa nzima ilinyamaza, na mzee mmoja wa Kiitaliano akafunika uso kwa gazeti.

Usiku wa dansi huru walicheza bila kuanguka na wakamaliza wa sita kwa jumla. Dunia inaukumbuka mtazamo ule, hiyo nafasi ya sita haikumbukwi na mtu. Mimi simhukumu Barbara. Aliyewahi kudondoshwa na mtu aliyemwamini anajua damu inavyopanda. Lakini tangu siku hiyo nina sheria ambayo wanafunzi wangu wanaifanya hadi mazoezini. Mkikosea jukwaani, mnainama pamoja, mnashikana mkono, mnatoka pamoja, na hamsemi lolote juu ya kosa mpaka mmekula. Mmekula, nimesema. Mtu mwenye njaa na jasho hana hukumu ya haki. Na ukitaka kujua mwisho wa Barbara, akawa kocha Milano, na wale Guignard na Fabbri niliowataja ni wanafunzi wake, mabingwa wa Ulaya 2023, 2024 na 2025. Kazi haikufia kwenye jicho lile.

Usiku ule ule wa Torino, Marie-France Dubreuil wa Kanada aliponyoka akibebwa na mwenzake, Patrice Lauzon, akaangukia barafu vibaya mpaka Patrice akambeba kumtoa. Walijitoa kwenye mashindano. Siku hizi wana shule yao Montreal, na wachezaji dansi wengi wakubwa duniani hufanya mazoezi hapo, mahasimu kwa mahasimu kwenye barafu moja. Evan Bates naye, kabla hajaungana na Chock, alikatwa mshipa wa kisigino na chuma cha kiatu cha mwenzake wa wakati huo, 2010, wakishuka kutoka kwenye kubebana. Mwenzako ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kukuumiza kuliko mtu yeyote, na hafanyi makusudi.

La Tessa Virtue ndilo ninalolirudia zaidi darasani. Alikuwa na ugonjwa wa misuli ya miguu ya chini, inavimba na kubana akifanya mazoezi, akapasuliwa 2008 na mara ya pili 2010. Alipokuwa nyumbani akipona mara ya kwanza, Scott aliendelea na mazoezi peke yake, akibeba mifuko ya mchanga mahali pa mwenzake. Wenyewe walikuja kusema baadaye kwamba kipindi kile hawakuwa wakizungumza. Mmoja anaumwa akidhani ameachwa, mwingine anabeba mchanga akidhani anasaidia. Ilibidi watafute msaada wa kujifunza kuongea.

Huku kwetu hatutelezi kwenye barafu, tunateleza kwenye vigae vilivyomwagikiwa maji kando ya bwawa la kuogelea, miguu mitupu, na mgeni ameacha glasi chini. Zungukeni jukwaa kabla ya kucheza, wote wawili, kila mara. Mkiona maji, anayepanguza ni nyinyi, msimsubiri mhudumu. Bima ya afya ya SHA lipieni wenyewe, hoteli haitawalipia kwa maonyesho mawili kwa wiki. Na mmoja akiumia, mwenye afya aende kwake kumtazama, hata kama hana la kusema, akae anywe chai. Tena msibishane maumivu. Mwenzako akisema goti, ni goti.

Juu ya kanuni za mashindano nitapita upesi, ila kuna kisa kimoja siwezi kukiacha. Torvill na Dean walitaka kucheza Boléro ya Ravel. Muziki wenyewe ni mrefu kupita robo saa, wakaukata na kuukata mpaka ukafika dakika 4 na sekunde 28, na hapo haukatiki tena bila kuharibika. Kanuni ilitaka dakika 4 na sekunde 10. Wangefanya nini? Wakasoma kanuni upya. Saa ya mashindano ilikuwa ikianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza barafuni. Basi wakaanza dansi wamepiga magoti. Sekunde 18 za kwanza wanayumba, wanageuka, wanashikana, na viatu havijaanza kazi. Watazamaji waliona mapenzi. Majaji waliona kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa, wakatoa alama kamili ya 6.0 mara kumi na mbili, na kwa upande wa usanii majaji wote tisa walitoa hiyo hiyo. Ninyi mnaopeleka vikundi kwenye mashindano ya shule na ya utamaduni, fomu ile mnayoitia sahihi bila kusoma ndiyo iliyomsaidia Jayne Torvill kupiga magoti. Isomeni wawili, kwa sauti.

Hati nyingine za kusoma kwa sauti ni za kusafiri. Kwenye mashindano ya dunia ya dansi ya barafu inatosha mmoja wa wawili awe raia wa nchi wanayoiwakilisha, lakini Olimpiki inataka wote. Tanith Belbin alikuwa Mkanada akicheza na Ben Agosto kwa upande wa Marekani. Walikosa Olimpiki ya 2002 kwa sababu hiyo. Uraia aliupata tarehe 31 Desemba 2005, baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria iliyomfungulia njia, na Februari wakachukua fedha Torino. Kwetu uraia si tatizo, tatizo ni yule wakala anayekuja na picha za hoteli ya Ghuba au ya Ulaya na kusema anamtaka msichana tu, mvulana atafuata. Mvulana hafuati. Mkataba usiowataja wote wawili kwa majina si mkataba wenu, na wakala asiye kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira msimpe hata nakala ya kitambulisho. Hili sina la kulipunguza makali. Nimeona mabinti wakirudi wamekonda.

Tumefika pale mnapopaogopa. Mtaachana. Wote huachana. Virtue na Moir walipumzika miaka miwili baada ya 2014, wakarudi, wakashinda, wakaaga 2019. Torvill na Dean waliondoka kwenye mashindano 1984, wakarudi 1994 wakapata shaba, na ziara yao ya kuaga wakaifanya 2025, wazee wenye wajukuu wa mashabiki wao ukumbini. Papadakis na Cizeron walipata dhahabu yao Beijing 2022, mwezi uliofuata wakachukua ubingwa wa dunia, kisha hawakushindana tena, wakatangaza mwisho Desemba 2024. Mwaka uliofuata Cizeron alikuwa ameshaungana na mwenza mwingine, Laurence Fournier Beaudry. Kila mmoja na namna yake, na si kila mwisho unaacha watu wanaosalimiana.

Namna yetu ilikuwa hii: atakayetaka kuacha aseme masika. Si Agosti, Waitaliano wamejaa na Ferragosto, sikukuu yao ya katikati ya mwezi huo, inakuja. Si Desemba. Aseme Aprili au Mei, mvua inanyesha, hoteli zimefunga, hakuna anayepoteza kazi na kuna muda wa kumfundisha mwingine. Mwenzangu alikuja kuniambia Aprili. Alikuwa amepata kazi ya kudumu Kilifi na mtoto wa pili njiani. Nilinuna, sikatai, lakini sikuwa na la kumshitaki, alikuwa amefuata tulichoandika. Tukahesabu fungu la dansi, tukagawa katikati, yeye akachukua spika na mimi nguo. Mpaka leo akipita Malindi hunipigia.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari. Pesa inagawanywa vipi na usiku gani. Nguo na spika ni za nani. Mmoja akiumia, mwingine anaruhusiwa kucheza na mtu mwingine kwa muda gani, na je, aliyeumia anapata kitu. Kazi ya mmoja bila mwingine inakubalika au haikubaliki. Kuacha kunatangazwa mwezi gani. Sahihi mbili, majina kamili, nambari za vitambulisho. Nakala tatu, na ya tatu akae nayo mtu asiye ndugu wa yeyote kati yenu. Kama mna miaka chini ya kumi na minane, wazazi watie sahihi pia.

Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu barafu yenyewe, maana kila nikiandika habari hizi hawakosekani: uwanja wa barafu Kenya uko Nairobi, kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ulifunguliwa 2005, na ndipo ilipokulia timu yetu ya magongo ya barafuni, Ice Lions. Pigeni simu kwanza muulize saa walizofungua, kisha ndipo mkate tikiti ya basi la usiku. Bebeni soksi nene na sweta. Wasiokwenda Nairobi, mazoezi yetu ni jioni, na Ramadhani tunaanza baada ya tarawehe. Njooni na hiyo karatasi.